MJADALA: Ubingwa wa Indiana ni kazi ya kocha au ni noti?

Jezi Nyekundu:
Wakuu, tangu Januari 19, 2026 usingizi wangu haujakaa sawa. Fainali ya ubingwa wa taifa wa vyuo vya Marekani: Chuo Kikuu cha Indiana 27, Miami 21. Mechi 16, ushindi 16!

Kwa msiofuatilia mpira wa Kimarekani wa vyuo (ule wa kukumbatia mpira kifuani na kutimua mbio): hadi msimu wa 2024 hakukuwa na timu ya daraja la juu iliyofungwa mara nyingi kuliko hii yetu. Zaidi ya mara 700. Nilipohamia Bloomington, mji wa chuo hiki, wenyeji walinishauri niende uwanjani nikale nyama choma kwenye maegesho, mechi nisijisumbue nayo. Hapa kwetu dini ilikuwa kikapu.

Novemba 2023, baada ya msimu wa kushinda 3 na kufungwa 9, akaletwa kocha Curt Cignetti kutoka Chuo Kikuu cha James Madison. Alipoulizwa anawauziaje wachezaji ndoto yake, akajibu kwamba yeye hushinda, wamtafute Google. Tulicheka sana. Mwaka wa kwanza akashinda 11. Wa pili, Ohio State, ambao hatukuwahi kuwafunga tangu 1988, wakalala 13–10 fainali ya Big Ten, ligi yetu. Kisha mtoano wa taifa: Alabama 38–3, Oregon 56–22. Kicheko kikatuishia.

Sasa naambiwa tumenunua kombe. Nabisha. Vyuo vikubwa vimejikusanyia vijana bora miaka yote. Kilichobadilika ni kwamba mchezaji anahama bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu Julai 2025 chuo kinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, ukomo ukianzia dola milioni 20.5 kwa mwaka. Mlango uliofunguka umemwingiza na mnyonge. Karibuni tubishane.

Mkazi wa Columbus:
Hongera mkuu, ingawa hiyo 13–10 bado inatuuma sisi wa Ohio State. Ila mnyonge gani huyo? Bilionea Mark Cuban amesoma hapo na mwenyewe amesema anachangia. Halafu hiyo milioni 20.5 ni ya mfuko wa chuo tu, mikataba ya matangazo haimo. Na Fernando Mendoza, mrusha pasi wenu aliyewapa Heisman (tuzo ya mchezaji bora wa vyuo) ya kwanza tangu dunia iumbwe, mlimchukua Chuo Kikuu cha California akacheza msimu mmoja. Huyo ni wenu kwa lipi?

Jezi Nyekundu:
Ni wetu kwa ile mbio ya yadi 12 aliyofunga kwenye fainali, robo ya nne, jaribio la nne ambalo ni la mwisho, mabeki wa Miami wakimdunda huku na huku naye hadondoki. Tena alikuja na shahada yake mkononi, kwa hiyo kama ulitaka kumwita "mwanafunzi hewa", hilo liondoe. Na vipi wale zaidi ya kumi waliomfuata kocha kutoka James Madison? Mmoja wao, beki D'Angelo Ponds, ni mfupi, vigogo hawakumgombea. Kwenye ile 56–22 dhidi ya Oregon, shambulizi la kwanza kabisa la mechi, akanyakua pasi ya wapinzani, akaenda kufunga. Hela ilikuwepo, sikatai, lakini Ohio State nao wanazo, tena tele. Jicho la kuchagua ndilo walilozidiwa.

Shangazi Indy:
Wanangu, nyie mnabishania kombe, mimi nauliza bili. Binti yangu anaogelea, chuo kingine, sikitaji. Kocha wao kawaambia mapema wasitegemee ufadhili kama wa dada zao waliotangulia, kwa sababu fungu kubwa linaenda kwenye mpira. Binti naye huamka saa kumi alfajiri kwenda mazoezini. Mlango huo mnaousifia, kwake unafungwa.

Jezi Nyekundu:
Shikamoo Shangazi. Hapo umenibana, na siwezi kujifanya sikusikia. Mark Spitz aliogelea hapa hapa Bloomington kabla ya zile dhahabu zake 7 za Olimpiki ya Munich 1972, na miaka hiyo kombe la taifa la kuogelea lilikuja hapa mara 6 mfululizo, 1968 hadi 1973. Tulikuwa mabingwa wa maji wakati mpira unatuaibisha. Mkazi wa Columbus, wewe una jibu la Shangazi? Mimi bado natafuta.