Taa za breki za lori la zamani: tupeane uzoefu

Mzee wa Vigwaza: Jana jioni nikiwa kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza, dereva aliyekuwa nyuma yangu alishuka, akaja hadi dirishani na kuniambia kwa upole, "Mzee, tangu Chalinze nakufuata kwa kubahatisha, taa zako za breki haziwaki hata moja." Niliona haya, kwa sababu asubuhi ile ile nilikuwa nimebadilisha globu zote mbili kwa mkono wangu. Lori ni Isuzu ya mwaka 1994, breki zake ni za upepo na umeme wake ni wa volti 24. Fyuzi nimeweka mpya. Taa ndogo za usiku zinawaka, ila utingo wangu anasema ninapokanyaga breki hata hizo ndogo hufifia. Aliyewahi kupitia hali hii naomba aeleze ilivyokuwa kwake.

Utingo Mstaafu: Mkuu, umenikumbusha mbali. Katika gari letu taa ya breki ilikuwa mimi mwenyewe, nikikaa juu ya mzigo na tochi niliyoifunga kitambaa chekundu, na dereva akitaka kusimama hupiga honi mara moja ili niwashe. Honi ilipoharibika tukaanza kutumia kamba.

Fundi Waya Makambako: Tatizo hilo ni swichi. Katika malori ya breki za upepo usiitafute kwenye pedeli kama ilivyo kwenye gari dogo, kwa kuwa mara nyingi imefungwa kwenye njia ya upepo, nao upepo ndio unaosukuma kiwambo kidogo ndani yake hadi nyaya mbili zinakutana. Chomoa nyaya hizo, uziunganishe kwa kipande cha waya, kisha mtu atazame nyuma: taa zikiwaka, swichi imekufa, na zisipowaka, fuata waya kuelekea nyuma. Niliwahi kupoteza siku nzima nikibadilisha globu kwenye lori la mteja, na nilipofungua swichi yakatoka maji yaliyochanganyika na mafuta, rangi kama chai ya maziwa, kwa sababu mwenye gari hakuwa amemwaga maji ya matangi ya upepo tangu masika.

Kijana wa Tunduma: Maji ya matangi! Nami yalinikuta hayo hayo. Naunga mkono.

Mama Vipuri Gerezani: Kabla hamjafika kwenye swichi, naomba niseme ninachokiona dukani kila siku. Mtu anakuja na kusema "nipe globu ya breki" bila sampuli na bila kujua volti za gari lake. Gari la volti 24 ukiliwekea globu ya volti 12 linaiunguza papo hapo, na mteja anarudi kunigombeza. Tazameni shingo ya chuma ya globu, maandishi yapo pale: 21W ina uzi mmoja na ni ya breki peke yake, na 21/5W ina nyuzi mbili, ule wa wati 5 kwa taa ya usiku na ule wa wati 21 kwa breki. Hii ya nyuzi mbili vipini vyake viwili vya pembeni havilingani kimo, kimoja kiko juu na kingine chini, na vimewekwa hivyo kwa makusudi ili isiingie kinyume. Hata hivyo wapo mafundi wanaoilazimisha, hasa kishikio kikiwa kimelegea.

Haraka Haina: Nimewahi kulipa faini ya 30,000 kwa taa moja ya breki ambayo globu yake haifiki bei ya chai na chapati mbili. Siku hizi natembea na globu kumi kwenye kabati la dashibodi.

Babu wa Sekenke: Fundi wa Makambako, nakuheshimu, lakini hukusoma alichoandika mwenzetu. Amesema taa ndogo hufifia anapokanyaga breki. Swichi ingekuwa imekufa, kukanyaga kusingebadilisha kitu chochote kule nyuma. Umeme unafika, ila umekosa njia ya kurudi. Hiyo ni ethi, yaani waya unaofungwa kwenye chuma cha gari ili umeme urudi kwenye betri, kwani ethi mbovu inaweza kuzivumilia wati 5, lakini ukiziongezea wati 21 inashindwa. Achukue waya mrefu, upande mmoja aufunge kwenye hasi ya betri na upande wa pili aubonyeze kwenye chuma cha taa huku mtu akikanyaga.

Fundi Waya Makambako: Nimesoma vizuri, mzee wangu, na nina miaka 19 kwenye kazi hii. Swichi inaweza kufa nusu.

Babu wa Sekenke: Swichi iliyokufa nusu inafifisha taa isiyopitia kwake? Tueleze, nasi tujifunze.

Mbao za Mafinga: Sikupanga kuandika, lakini hilo neno "hufifia" limenirudisha mlima Kitonga, mwaka 2009. Nilikuwa nimepakia mbao Mafinga kwenda Dar es Salaam, kwa lori ambalo tajiri alikuwa ametoka kulichomelea bodi na kulipaka rangi upya, likang'aa kama gari la harusi. Fundi rangi alipaka fremu yote, na waya wa ethi ya taa za nyuma ukafungwa juu ya rangi mbichi. Siku ya kwanza taa ziliwaka, nadhani kwa sababu nati ilikuwa imekwaruza rangi kidogo, na kila mtu akaridhika. Tulianza kuteremka Kitonga alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala kwenye kona, nami nikishuka kwa gia nzito na breki ya eksosi, ile inayobana moshi wa injini ili gari lipunguze mwendo, ambayo kwenye lori lile haikuwasha taa za nyuma hata zilipokuwa nzima. Mbele nikakuta lori limeharibika na wenyewe wametandika matawi barabarani. Nikakanyaga, nikasimama vizuri kabisa, nikamwambia utingo wangu, "Hapa tumepona." Sikumaliza neno. Fuso lililobeba viazi likatuingia nyuma. Mbao mbili za juu, zilizokuwa zimetokeza karibu nusu mita, zilipasua kioo chake cha mbele na kwenda kugota kwenye ukuta wa kebini, pale pale ambapo kichwa cha utingo wao kilipaswa kuwa. Kijana yule alikuwa ameinama kuokota ndala. Nilimkuta bado ameinama, ndala mkononi, hasemi kitu, na viazi vinaporomoka bondeni kimoja kimoja. Dereva wao aliniuliza swali moja tu: "Ulikanyaga breki?" Nikamwambia nilikanyaga. Nikapanda tena kwenye kiti nikakanyaga ili aone mwenyewe, naye akasimama nyuma ya gari akitikisa kichwa.

Kijana wa Tunduma: Nimesisimka mwili mzima.

Haraka Haina: Pole sana, kaka, lakini aliyegonga nyuma ndiye mwenye makosa. Kitonga hufuati gari kwa karibu namna hiyo, taa ziwake zisiwake.

Njia ya Malaba: Na mbao zilizotokeza nusu mita bila kitambaa chekundu, hizo ni makosa ya nani?

Mbao za Mafinga: Kitambaa kilikuwepo. Nimeandika wapi kwamba hakikuwepo?

Utingo Mstaafu: Kijana wa ndala alipata nini baadaye?

Mbao za Mafinga: Aliacha utingo siku ile ile. Alipanda basi la kwanza lililosimama, bila hata kudai posho yake.

Mzee wa Vigwaza: Ndugu zangu, tunamshukuru Mungu kwa kijana huyo, lakini lori langu bado limesimama hapa, na alfajiri natakiwa kupakia.

Njia ya Malaba: Mimi niko upande wa Kenya na ninavuta tela, kwa hiyo kosa langu lilikuwa kwenye plagi inayopeleka umeme kwenye tela. Katika plagi ya pini saba ya volti 24, pini namba 4, kwa kawaida yenye waya mwekundu, ndiyo ya breki, na yangu ilikuwa imeota kutu ya kijani hadi ikakonda. Niliisugua kwa msasa, nikapanua ufa wake kwa ncha ya kisu ili ibane, na tangu hapo sijasumbuka. Ushauri wangu ni kwamba uachane na globu kabisa, uweke LED.

Mama Vipuri Gerezani: Nauza zote mbili, kwa hiyo sina upande. Ukiamua LED, nunua nyekundu, kwa sababu nyeupe ikikaa nyuma ya kioo chekundu hutoa mwanga wa waridi uliopauka.

Fundi Waya Makambako: LED kwenye ethi mbovu ni kuficha ugonjwa. Inakula umeme mdogo, hivyo itawaka, na wewe utadhani umepona. Kwa hili nakubaliana na Babu, japo la swichi sijalifuta.

Mzee wa Vigwaza: Nimefanya jaribio la Babu. Nilipogusisha tu ule waya kwenye chuma cha taa, zote mbili zikawaka hadi utingo akapiga kelele. Ethi yenyewe nimeikuta nyuma ya kinga ya matope: bolti imegeuka ganda la kutu, na waya wake ukiushika unavunjika kama kijiti kikavu. Nimekata mpaka kwenye shaba safi, nimekwangua fremu hadi chuma kikaonekana, nimefunga na kupaka grisi juu. Ya kushoto sasa iko sawa. Ya kulia nikiwasha taa ndogo inawaka kwa nguvu kama ya breki, na nikikanyaga haibadiliki kitu.

Mama Vipuri Gerezani: Hiyo globu uliyobadilisha kwa mkono wako, ilipoingia ilikuwa ngumu?

Mzee wa Vigwaza: Ilikuwa ngumu kidogo, nikaisukuma.

Mama Vipuri Gerezani: Basi imeingia kinyume. Itoe, uizungushe nusu, uirudishe. Ikiwa kishikio kimetanuka haitakaa, na itabidi ubadilishe kishikio chenyewe. Kesho Jumapili tunafungua saa nne, baada ya ibada. Njoo nacho mkononi, usije kunieleza kwa maneno.

Mzee wa Vigwaza: Saa nne nitakuwa nimeshapakia. Namtuma utingo.