Petroli ya yule mzee Mnavajo mnaiandika safu gani?

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuandaa ripoti za kulinganisha njia mbadala za miradi ya maji, kwa hiyo ninacholalamikia, yaani tunavyoficha gharama za kutojenga mradi, nakijua kutoka jikoni. Nachukua mfano wa Wanavajo wa Marekani kwa sababu ndio unaoniuma kuliko yote.

Hifadhi ya Wanavajo, yaani ardhi waliyotengewa kuishi, ndiyo kubwa kuliko zote za wenyeji wa asili nchini humo, imekalia sehemu za Arizona, New Mexico na Utah. Kaya karibu 1 kati ya 3 haina bomba ndani. Mzee anafunga tangi nyuma ya pikapu, anakula barabara ya vumbi hadi kwenye kituo cha kuchotea, anajaza, anarudi. Maji yakiisha, anaondoka tena. Kesi yao ya kudai maji kwa serikali ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 2023, Jaji Gorsuch aliandika kwamba mtu wa pale hutumia kama galoni 7 kwa siku kwa mahitaji yote ya nyumbani. Hizo ni lita 26 hivi za kunywa, kupika, kuoga na kufua! Hazifiki hata sehemu ya kumi ya wastani wa nchi. Na yeye alikuwa upande wa wachache. Kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama ilisema mkataba wa 1868 kati ya Wanavajo na Marekani hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji.

Sasa tuje kwenye jedwali letu. Tathmini ya mazingira Marekani inataka iwepo pia njia ya "kutofanya chochote", ili nyingine zipimwe dhidi yake. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni namna sisi wataalamu tunavyoijaza. Kwenye bomba tunaandika kila senti: pampu, umeme, fidia, matengenezo ya miaka 50. Tukifika kwenye kutofanya chochote tunaandika kwamba hakuna gharama ya ujenzi, na mkubwa anayesaini anaona sifuri. Petroli ya yule mzee iko wapi? Matairi je? Siku nzima ya kazi iliyopotelea barabarani? Mtoto aliyeugua tumbo kwa maji yaliyokaa kwenye pipa? Gharama zipo na ni kubwa, ila kwa kuwa anazilipa yeye na si serikali, tunazifanya hazipo.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini wasichimbiwe tu visima. Kati ya 1944 na 1986 zilichimbwa karibu tani milioni 30 za mawe ya urani kwenye ardhi ile, na imeachwa migodi zaidi ya 500. Vipo visima vilivyopimwa vikakutwa na urani na aseniki kupita kiwango. Mji jirani wa Gallup nao uliishi kwa visima, na maji yake chini ya ardhi yalishuka kama futi 200 ndani ya muongo mmoja. Kisima ni rahisi kwenye karatasi tu.

Ndiyo maana ukaja mradi wa Navajo-Gallup, ulioidhinishwa na Bunge la Marekani mwaka 2009: karibu maili 300 za bomba, maji ya bonde la mto San Juan, walengwa 250,000 ifikapo 2040. Pale walilinganisha kuchota mtoni moja kwa moja na kupitisha maji kwenye mifereji ya umwagiliaji, wakaangalia na samaki adimu wa mto ule. Kazi halali, siibezi. Lakini sheria ilisema mradi ukamilike 2024. Bomba lina matawi mawili: la Cutter linatoa maji, ila lile kubwa la San Juan mwaka huo ukapita halijaisha. Katikati hapo mtambo wa umeme wa makaa wa San Juan ukafungwa, 2022, usanifu ukabadilishwa ili bwawa lake litumike. Kiufundi naona ni uamuzi mzuri, maji yanatulia tope kabla ya kusafishwa. Ila kila mwaka unaoongezwa, nani anaulipia? Yule yule mwenye pikapu! Kuchelewa ni kutofanya chochote kwa jina lingine, na sijawahi kuona ripoti iliyohesabu gharama za kuchelewa hivyo.

Na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Kuanzia 1970 hadi 2005, maji safi ya chini ya ardhi ya Wanavajo na majirani zao Wahopi, pale nyanda za juu za Black Mesa, Arizona, yalivutwa, yakachanganywa na makaa yaliyosagwa na kusukumwa kwenye bomba la maili 273 hadi mtambo wa umeme ulioko Nevada. Miaka 35 bomba refu jangwani liliwezekana, pampu zikawezekana, fedha zikapatikana, kwa ajili ya kusafirisha makaa. Wenye maji wakabaki na matangi.

Wahandisi na wachumi mliomo humu, nataka majibu ya kweli. Mara ya mwisho ulipojaza safu ya kutofanya chochote, uliandika nini kwa ajili ya muda na mafuta ya wanaobeba maji? Kama uliacha wazi, nani alikwambia uiache?