Leseni ya E ninayo: nianze kwa tajiri wa gari mbili, kampuni kubwa au shifti za bandarini?

Kijana wa Mabibo
Wakuu, shikamooni. Nimemaliza kozi ya magari makubwa pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) na leseni daraja E imeshatoka. Tajiri mmoja mwenye semitrela mbili za Kongo yuko tayari kunikabidhi gari wiki ijayo, posho anasema nzuri, mkataba wa maandishi hana. Kuna kampuni kubwa hapa Dar: mshahara mdogo, na miezi ya mwanzo nakaa chini ya dereva mzoefu. Halafu kuna shifti za kontena, bandarini kwenda yadi za kuhifadhia kontena (ICD) za Kurasini na bandari kavu ya Kwala. Nyumbani wananitegemea. Mngekuwa nyie mngeshika ipi?

Mzee wa Tunduma
Marahaba mwanangu. Posho iache kwanza. Waulize wote watatu: gari likilala foleni mpakani au likikata springi porini, nani ananilisha? Posho inapigwa kwa safari, haipigwi kwa siku. Dar hadi Tunduma ni kilomita 900 na ushee, hapo hujavuka mpaka kuingia Nakonde, hujakatiza Zambia, hujafika Kasumbalesa mpakani mwa Kongo. Hela iliyoonekana nono ukiwa Ubungo inaishia foleni, unaanza kula kwa mkopo kwa mama ntilie. Na mtu mwenye gari mbili, moja likifa nusu ya biashara yake imesimama. Hata awe na roho nzuri vipi, spea itanunuliwa kwa posho yako.

Dada wa Shifti
Mimi nasema shifti. Kwa dereva mpya hakuna kinachokomaza mkono kama rivasi, na huku unarudisha tela kwenye upenyo finyu kutwa nzima, huku winchi na watu wako pembeni. Wa masafa anaweza kwenda Lubumbashi na kurudi akiwa amerudi nyuma mara chache tu. Jioni unalala kwako. Uliza tu kama unalipwa kwa tripu au kwa mwezi, maana meli zikichelewa tripu hakuna.

Utingo Mstaafu
Wakuu mnamwonea tajiri mdogo. Mimi kazi nimeijulia huko: kukaza breki, kubadili tairi usiku, kusikia injini inalia tofauti kabla haijazima. Kwenye kampuni kubwa gari likikohoa unapiga simu yadi na kukaa kivulini. Tajiri wa kweli utamjua kwa matairi ya tela lake. Kama yamekwisha hadi nyuzi zinaonekana, achana naye. Kama ni mazima, kaa naye muandikiane.

Mzee wa Tunduma
Utingo, kujua gari ni kweli. Lakini fikiria mlima Kitonga kule Iringa. Kwenda Kongo unaipanda, kurudi na shaba unaishuka. Inabidi usimame juu kabisa, utazame geji ya upepo wa breki, ugonge matairi, uingize gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Ukishuka kwa kukanyaga breki mfululizo zinapata moto na hazishiki tena. Mtu akuoneshe ukiwa umekaa kando yake, mara kadhaa, ndipo akuachie usukani. Tajiri anayekupa gari wiki ijayo atakupa mtu huyo? Kwa sababu hiyo tu mimi ningekwenda kampuni, na mshahara wao mdogo.

Karani wa Yadi
Popote uendapo, soma kifungu cha hasara. Nimeona mkataba umeandika "hasara yoyote itabebwa na dereva", basi, hakuna mpaka. Kijana alikatwa hela ya turubai lililochanika kwa upepo. Hakikisha NSSF inakatwa na kufikishwa, na kwamba mwajiri yumo kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu ajali haichagui mgeni.

Mizani nayo. Uzito wote una mwisho wake kwa idadi ya ekseli, na hata gari la ekseli nyingi halivuki tani 56, lakini unaweza kuwa chini ya mwisho wako ukakamatwa kwenye mizani ya Vigwaza kwa sababu mzigo umeegemea nyuma na ekseli tatu za tela zimepita tani 24. Aliyepakia ni mwingine, anayesimamishwa ni wewe. Iandikwe faini hiyo ni ya nani.

Kijana wa Mabibo
Nawashukuru sana. Nimempigia tajiri kuhusu foleni, akasema tutaongea ukirudi. Kampuni wamesema ikizidi siku walizopanga wanaongeza posho, na wamenionesha karatasi. Naelekea huko. Limebaki moja: nikiwa chini ya dereva mzoefu, wengine wanasema posho mnagawana naye. Ni sawa?

Dada wa Shifti
Usikubali, mdogo wangu. Yako itoke ofisini. Ikitoka mfukoni kwake atakuona umemla chakula chake, na Kitonga atashuka kimya wewe umekaa tu pembeni. Waulize hilo kabla hujasaini.