Tupeane uzoefu: Siku uliyosimamisha klasta ya storeji kwa mara ya kwanza kupitia dashibodi

Mwanzisha uzi, Kijitonyama

Habari za jioni wakuu. Wiki iliyopita nimemaliza kusimamisha klasta ya Ceph ofisini, ile programu inayounganisha diski za seva kadhaa ziwe storeji moja, yetu ni seva tatu, na kwa mara ya kwanza sehemu kubwa nimeifanya kwenye dashibodi, ukurasa wake wa kubonyeza kwenye brauza, badala ya kuandika amri moja moja kwenye skrini nyeusi. Imenichukua siku nne. Nikaona tukusanye stori hapa maana mafundi wengi hapa Dar wanazifunga hizi kitu kimya kimya na kila mtu anagonga mwamba uleule peke yake.

Yangu iko hivi. Ukiendesha cephadm bootstrap, amri ya kuanzisha klasta, kwenye seva ya kwanza, mwishoni inakutolea anwani ya dashibodi yenye porti 8443, jina la admin na paswedi ya muda. Unafungua kwenye brauza, inakuonya cheti hakiaminiki maana klasta imejitengenezea yenyewe, unakubali, inakulazimisha ubadili paswedi, alafu unakutana na ukurasa msafi kabisa unakuuliza kama unataka kupanua klasta. Hapo moyo ukatulia nikajua leo nalala mapema. Nikaandika jina la seva ya pili na IP yake, nikabonyeza, ikakataa, nikarudia kama mara saba hivi inakataa tu.

Kumbe dashibodi inaingia kwenye seva nyingine kwa SSH, njia ya kuingia seva kwa mbali, na ina ufunguo wake yenyewe, uko /etc/ceph/ceph.pub, na huo ufunguo lazima uwe umeshaupeleka kwa root, yaani mtumiaji mkuu, wa kila seva kabla hujagusa hicho kitufe. Nikaupeleka. Ikakataa tena! Jina nililoandika lilikuwa stoo2, wakati seva yenyewe ukiiuliza inajiita stoo-02, na lazima yafanane herufi kwa herufi. Hicho kistari na hiyo sifuri vilinila saa tatu nzima, na bado nikakuta seva ya tatu haina lvm2, programu ya kugawa diski. Kwa hiyo mimi msimamo wangu sasa ni kwamba kabla ya kufungua brauza pita kila seva kwanza: python3, podman au docker (ndizo zinaendesha kontena, yaani vifurushi vya programu), lvm2, chrony ya kulinganisha saa, ufunguo, jina. Dashibodi haikufanyii hayo, inadhani umeshayafanya.

Haya wakuu, leteni zenu.

—

Mdau wa Tabata

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi kwangu ilikuwa saa. Ndiyo, saa ya seva.

Tulinunua seva tatu zilizotumika, chuma kizuri tu, RAM ya kutosha. Tukafunga, dashibodi ikawa kijani, HEALTH_OK, yaani klasta nzima ni salama, bosi akaja kupiga picha. Usiku umeme ukakatika na UPS ikaisha chaji kabla mlinzi hajawasha jenereta. Asubuhi nafika, dashibodi haifunguki kabisa. Nikaanza kuhangaika na swichi, nikabadili nyaya, nikahisi mpaka diski zimeungua, jasho linanitoka na AC yenyewe ilikuwa bado haijawashwa. Saa nne asubuhi ndio nikaangalia tarehe: seva mbili zimerudi nyuma miaka, betri ndogo za kwenye ubao, zinazotunza saa seva ikizimwa, zilikuwa zimekufa zamani, sisi tukawa hatujui kwa sababu hazijawahi kuzimwa tangu tuzifunge.

Sasa Ceph ina kitu kinaitwa monita, ndizo zinazoshika ramani ya klasta nzima, nani yupo nani hayupo, na zinaamua kwa wingi wa kura. Tofauti ya saa kati yao ikizidi sekunde 0.05 tu inaanza kulalamika, sasa wewe fikiria tofauti ya miaka. Hazikuelewana, na zisipoelewana hakuna anayesoma wala kuandika.

Chrony ilikuwepo, lakini ilikuwa inachukua saa kutoka nje, na asubuhi ile umeme ulivyorudi intaneti ya ofisi ilikuwa bado haijarudi. Nilichofanya, nikanunua betri mpya zote tatu, alafu nikaweka mashine moja ndani ya ofisi iwe ndiyo inatoa saa kwa wenzake, hata nje kukiwa kumekatika seva zote zinasema saa moja. Tangu hapo umeme umeshakatika sana na klasta inanyanyuka yenyewe.

—

Mdau wa Ubungo

Mimi yangu fupi. Mei 2024, ile Jumapili ya tarehe 12 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti ikawa tabu nchi nzima. Jumamosi nilikuwa nimeshasimamisha seva ya kwanza vizuri. Jumapili naongeza mbili zilizobaki, dashibodi inasema imezipokea, majina nayaona, lakini hakuna kinachowaka juu yake. Kumbe kila seva inashusha kontena yake yenyewe kutoka quay.io, ghala la mtandaoni, haichukui kwa mwenzake. Nikakaa na klasta ya seva moja siku kadhaa na mteja anapiga simu.

Siku hizi kila kazi naanza kwa kuweka ghala la kontena ndani ya ofisi ya mteja, nashusha mara moja, seva zote zinachukua hapohapo. Hata bando inapona.

—

Mdau wa Mbezi

Samahani wakuu, nauliza kabla sijaanza. Bajeti yetu ni seva mbili tu. Inawezekana?

—

Mdau wa Tabata

Usifanye kaka yangu. Kura za monita zinataka zaidi ya nusu. Mbili zikibaki moja, moja sio zaidi ya nusu ya mbili, kwa hiyo ikifa moja yoyote zote zimesimama. Umenunua seva mbili ili ukae vibaya kuliko ukiwa na moja. Anza na tatu, hata kama ya tatu ni dhaifu kidogo na kazi yake kubwa ni kupiga kura.

—

Dada wa Mikocheni

Mimi nataka kuongelea hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonikosanisha na mkurugenzi wangu na sikupenda ilivyotokea.

Tulinunua diski tisa za TB 4, tatu kila seva. Kwenye karatasi ya manunuzi ni TB 36 na mkurugenzi alisaini akijua amenunua TB 36. Siku ya kumuonyesha nikafungua dashibodi kwa furaha, anaona 32.7. Akaniuliza nyingine ziko wapi. Nikamueleza watengeneza diski wanahesabu kwa elfu na dashibodi inahesabu kwa 1024, akakubali kwa shingo upande. Alafu akaona ile sehemu ya nafasi inayobaki kwa matumizi, haifiki hata 11! Alinyamaza. Mtu akinyamaza hivyo mbele ya wafanyakazi wenzako unajua anachofikiria.

Maelezo yake ni rahisi ukiyatoa mapema, magumu ukiyatoa umechelewa. Ceph kwa kawaida inaweka kila kipande cha data mara tatu, kila nakala kwenye seva yake, kwa hiyo gawa kwa tatu. Na hiyo iliyobaki usiijaze, ikifika asilimia 85 inaanza kuonya, 95 inakataa kuandika kabisa. Kwa hiyo kwenye ile 36 ya karatasi, ya kuitumia bila presha ni kama 9 hivi. Wapo wanaosema tumia ile njia nyingine ya kukata data vipande vinne na viwili vya akiba, inakula nafasi kidogo, ni kweli, ila hiyo ukitaka kila kipande kikae kwenye seva yake inahitaji seva sita. Sisi tunazo tatu.

Mafundi wenzangu, hiyo hesabu iandikeni kwenye barua ya maombi ya manunuzi, ukurasa wa kwanza, kabla hela haijatoka. Mimi niliipeleka baada ya wiki, ikiwa na mchoro na kila kitu, alielewa na akaomba radhi, lakini ile wiki niliipitia vibaya.

—

Mdau wa Kigamboni

Dada pole sana, na ahsante kwa hiyo, nitaiiba kama ilivyo.

Yangu ni ya diski. Wakati wa kusimamisha, dashibodi ilinipa chaguo la kuchukua diski zote za aina moja zilizo tupu, nikabonyeza, ikazichukua, safi. Baada ya miezi miwili nikachomeka diski mpya kwenye seva moja, hiyo nilikuwa nataka niiweke bakapu ya mfumo wa mishahara, sio ya klasta. Nikaenda kuchukua chai. Narudi nataka kuifomati, haipo, imeshakuwa mali ya klasta na data zimeanza kuhamia humo! Nikaitoa kwa utaratibu kwenye dashibodi, nikaifuta, dakika chache imechukuliwa tena. Mara ya pili nilidhani kuna mtu anaingia kwa mbali, nikabadilisha mpaka paswedi.

Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba kile kitufe sio cha siku ile tu, kinaandika agizo la kudumu: kila diski tupu ya aina hiyo itakayoonekana, chukua. Ukishamaliza kusimamisha, nenda kaiweke hiyo huduma iwe unmanaged, yaani isijichukulie diski yenyewe, alafu diski zijazo unaziongeza kwa mkono wako. Namshukuru Mungu ile diski ilikuwa tupu. Diski yenye data inaiacha, ila mimi tangu siku ile sichomeki kitu kwenye seva za storeji bila kuangalia hilo agizo kwanza.

—

Dada wa Mikocheni

Hiyo sikuwa naijua kabisa. Naenda kuangalia yetu sasa hivi.

—

Mdau wa Ubungo

Narudi kidogo. Kuna rafiki yangu aliweka MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti za mtandao, 9000 kwenye seva akasahau swichi. Ping inapita, dashibodi inaonyesha seva zote, ila data zimekwama. Pima kwa ping -M do -s 8972 kutoka kila seva kwenda kila seva. Isipopita, rudisha 1500 uendelee na kazi.

—

Mwanzisha uzi, Kijitonyama

Wakuu nimesoma zote nikiwa seva rumu. Yetu: betri mbili kati ya tatu zimechoka, kesho nazifuata Kariakoo. Lile agizo la diski kweli lilikuwa wazi, nimelifunga. MTU iko sawa.

Na nimefanya jaribio moja ambalo nilikuwa naliogopa. Kabla hatujaweka hata faili moja la kweli, nimemuita bosi, nimechomoa diski moja huku tunaangalia dashibodi. Njano papo hapo. Dakika kumi haigusi kitu, inasubiri labda itarudi, ndio muda wake wa kawaida huo, na zile dakika kumi bosi aliniuliza mara nne kama nina uhakika. Zilipoisha ikaanza kuzijenga upya zile nakala kwenye diski mbili zilizobaki za seva ileile, tukawa tunaona namba inashuka pole pole mpaka ikarudi kijani. Faili la majaribio nililoweka likafunguka muda wote ule bila kukatika. Bosi akasema kesho data za wateja ziingie, nikamwomba tusubiri betri.