Yule yule mpiga picha mnayemjua leo kasukuma gauni la bibi harusi kwa KIATU

BintiFunguni:

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Nguo ya sare sijavua, watu wako ukumbini wanakula pilau, mie haipiti kooni.

Kwa mguu, jamani. Mguu! Wenye kiatu!

Leo tumemuoza mdogo wangu. Nikaha imepita salama, bwana harusi kapendeza na joho lake na kilemba. Tukasema kabla ya magharibi twende tukapige picha mbele ya Dispensari ya Zamani pale Mizingani, Mji Mkongwe Zanzibar, maana jua la jioni likigonga zile balkoni za mbao na vile vioo vya rangi, hata mwenye mafua anatoka mzuri. Mama yetu picha yake ya harusi alipigwa Beit al-Ajaib, mbele ya ule mlango mkubwa wa nakshi. Iko ukutani sebuleni mpaka leo, na ndoto yake ilikuwa binti yake asimame pale pale. Lakini yaliyotokea Desemba 25, 2020 mnayajua. Upande mzima uliporomoka, watu wawili wakafa, na jengo la Sultan Barghash la 1883 likazungushiwa mabati. Tangu hapo maharusi wote wa mjini tunabanana Ngome Kongwe na Dispensari. Sawa, tunabanana, tunapishana, mmoja akimaliza mwingine anaingia. Hakuna aliyewahi kugombana.

Tumefika, tumesubiri zamu, tumeingia. Bibi harusi kasimamishwa, mkia wa gauni umetandazwa, mpambaji kapiga magoti anaunyoosha lesi kwa lesi. Picha ya kwanza haijatoka, huyo hapo. Wasaidizi wa kujaza daladala, mataa, miavuli, ngazi, na drone inayopiga kelele mpaka Pemba wanasikia. Wateja wake hata kwenye gari hawajashuka! Hakuna salamu, hakuna hodi, hakuna samahani. Kaja moja kwa moja, kaangalia chini, kalisukuma gauni la mdogo wangu pembeni kwa ncha ya kiatu, kisha kaweka staendi ya kamera pale pale lilipokuwa. Ndipo akafungua mdomo: "Mwanga unaisha, sogeeni."

Kwa kiatu. Kiatu kilichotoka kukanyaga maji ya samaki Darajani!

Nikamuuliza, "Kaka, hilo gauni umeliona liko mwilini mwa mtu?" Kanipa mgongo, kashughulika na drone yake. Bwana harusi kashikwa na wajomba. Mama kaegemea ukuta, machozi yanamtoka. Na alama ya soli imebaki kwenye gauni jeupe, soli nzima, mpaka saizi ya kiatu unaisoma.

Jengo ni la watu wote. Hata angekuwa na mkataba na Tharia Topan mwenyewe aliyelijenga, nguo ya bibi harusi huigusi kwa mguu. Fundi aliyeishona aliikabidhi kwa mikono miwili!

KibarazaChaShangani:
Bila picha ya hiyo soli, uzi haujakamilika.

MtotoWaMwembeladu:
Namjua huyo! Si yule wa kofia ya kijani? Alimwambia babu yangu akae nyuma ya watu eti kanzu yake inang'aa sana.

BintiFunguni:
Kofia hana. Lakini mnamjua.

TandaleKwaJuu:
Dada, mikono yenu ilikuwa wapi? Ukoo mzima mnamtazama mtu mmoja, halafu unakuja kutulilia sisi huku. Hapo bahari iko ng'ambo ya barabara tu. Staendi ingekuwa inaogelea saa hizi.

BintiFunguni:
Wazee wapo, bibi harusi kasimama, ulitaka tupigane siku ya nikaha? KWA MGUU, mkuu. Rudia kusoma.

MzeeWaGati:
Binti, pole. Ila marehemu umsimulie vizuri. Tharia Topan hakuliona likiisha. Ujenzi ulianza 1887, mwaka wa jubilii ya Malkia Victoria, yeye akafariki 1891, na jengo likakamilika 1894.

PwezaWaForodhani:
Na udispensari wenyewe ulikuja baadaye, baada ya kununuliwa na Haji Nasser Nur Mohamed mwaka 1900. Dawa chini, watu wanaishi juu. Vijana wanapigia picha tu, hawajui hata kwa nini linaitwa dispensari.

MzeeWaGati:
Na lilivyokuwa baada ya kuachwa miaka ile! Bila ukarabati wa Aga Khan wa miaka ya 1990, leo lingekuwa halina balkoni hata moja ya kugombania.

MamboYaAnga:
Mmeacha la maana. Hiyo drone ina kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga? Hapo ndipo pa kumkamatia.

BintiFunguni:
Drone iko juu, haikumgusa mtu. Aliyegusa ni kiatu!

NyaliWaKongowea:
Poleni ndugu zetu. Hapa Mombasa, Fort Jesus, ni yale yale. Ngome ya tangu 1593, na ukuta wote ule, lakini maharusi wote wanataka kona moja. Picha zangu za harusi, kila moja ina mtalii wa kaptura nyuma ya bega la mume wangu.

TandaleKwaJuu:
Mtalii afadhali. Mpiga picha wangu alichukua malipo ya awali, kapiga harusi kuanzia kanisani hadi keki, kisha anakuja kusema memori kadi imeungua. Mke wangu hana picha hata moja. Tuna video ya simu ya shangazi, na shangazi kapiga miguu ya watu dakika arobaini.

MwajumaNdala:
Memori kadi imeungua, wote ndio wimbo wao. Albamu yangu mie ililetwa mtoto wa kwanza anatembea.

BintiFunguni:
Jamani turudi kwenye mguu. Gauni ni la kukodi, kesho linarudi kwa mwenyewe, na soli iko pale pale. Mama kajifungia chumbani.

KibarazaChaShangani:
Sabuni ya kipande na ndimu, anika juani. Ila piga picha kwanza, utuletee.

MtotoWaMwembeladu:
Ndimu itaunguza lesi.

MwajumaNdala:
Lesi haiunguzwi na ndimu, inaunguzwa na pasi. Mie nimeshona miaka.

TandaleKwaJuu:
Mwajuma, huyo wako angalau albamu ilifika. Alikutoza ngapi? Mke wangu anataka tuvae upya, tupigwe tena.

MwajumaNdala:
Laki nane, albamu mbili. Sanduku la albamu unalipia mbali.

TandaleKwaJuu:
Laki nane! Huku Dar kwa hela hiyo unapewa na keki juu.

NyaliWaKongowea:
Keki ya kilo ngapi?