Ushauri: Vifungo vya skii nivisogeze mbele kiasi gani ili niteremke kinyumenyume?

Kaka wa Tabata: Wakuu, salaam. Kuna mzungu alikuwa anahama Masaki, nikanunua skii zake, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, pamoja na buti kwa laki moja na nusu. Urefu sentimita 178. Julai naenda Lesotho, kule kwenye kituo cha skii cha Afriski, na nataka niteremke kinyumenyume. Nimesoma kwamba vifungo vya buti vikikaa karibu na katikati kurudi nyuma kunakuwa rahisi. Nisogeze sentimita ngapi? Wanaojua tu tafadhali, wiki ya pili hii silali vizuri.

Mchuuzi Mstaafu: Laki na nusu kwa mbao mbili, halafu unauliza kinachokunyima usingizi.

Nilirudi Nyumbani: Mkuu, nimekaa Norway miaka sita. Kabla ya vifungo, niambie mikia, yaani ncha za nyuma, ikoje. Imepinda juu kama pua za mbele au imenyooka? Na upana?

Kaka wa Tabata: Imenyooka. Pua milimita 121, kiuno 76, mkia 106. Alama ya kiwandani ya kukalia buti iko sentimita 10 nyuma ya katikati.

Nilirudi Nyumbani: Basi hizo ni za kwenda mbele. Ukirudi nyuma, mkia ndio unatangulia. Kwa kuwa haujapinda, unachimba theluji badala ya kuipanda, na wewe unatangulia kisogo. Pia ni mwembamba kuliko pua, kwa hiyo ukitangulia unaingia kona kwa uvivu. Skii za mchezo huo mikia hupinda pia, ndivyo kampuni ya Salomon walivyofanya kwenye skii yao ya Teneighty mwaka 1998, na vifungo hukaa katikati au sentimita mbili tatu nyuma yake. Zako hata ukisogeza, umbo linabaki lilelile. Halafu ukizidisha mbele, kwenye theluji laini pua zitazama. Usitoboe kitu.

Mama Shughuli: Mimi Dubai nilifuata mzigo wa vitenge, wenzangu wakanivuta Ski Dubai, theluji ndani ya duka kubwa. Nilianguka pale pa kuvalia buti, hata sijafika kwenye mteremko. Goti hili likiona mvua ya masika linanikumbusha. Mwanangu, kula hiyo hela.

Chuma cha Reli: Philip Boit wa Kenya alishiriki mbio za skii Olimpiki ya Nagano 1998 akafika wa mwisho, bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri amkumbatie. Na yeye alikuwa anaenda mbele!

Kaka wa Tabata: Asanteni, lakini swali langu ni sentimita ngapi.

Nilirudi Nyumbani: Mbona unang'ang'ania? Umeshatoboa?

Kaka wa Tabata: Moja tu. Ya kushoto. Fundi samani wa Keko, mtu makini sana, kabati la mama alilitengeneza yeye na mpaka leo milango haijalegea.

Nilirudi Nyumbani: Tundu hutakiwa kuwa na kina cha milimita 9 hivi, na huwa kuna kigezo maalumu cha kushikia drili. Yeye katumia nini?

Kaka wa Tabata: Futi kamba. Tundu moja limetokea chini, kaziba na gundi. Watu mnakuza mambo.

Mjumbe wa Nyumba Kumi: Hii chai, tena ya maziwa. Skii Tabata, fundi Keko, joto hili? Huyuhuyu Februari alileta uzi wa ngamia anayefugwa Pugu. Leta picha.

Kaka wa Tabata: Ngamia ni wa shemeji na yupo hai. Usinichanganyie mada.

Mama Shughuli: Kwani ngamia analishwa nini huko Pugu? Nauliza kwa wema.

Kaka wa Tabata: Pumba na majani, mama. Haya, picha hiyo hapo.

Mchuuzi Mstaafu: Hilo kochi la nyuma ni la fundi huyohuyo? Nitumie namba yake inboksi.

Nilirudi Nyumbani: Nimekuza picha mara tatu. Mkuu, kifungo kimegeuzwa. Ncha ya buti inaangalia mkiani.

Kaka wa Tabata: Sasa si ndiyo maana yake? Fundi alisema kama nataka kwenda nyuma, buti ziangalie nyuma. Nikaona ana hoja.

Nilirudi Nyumbani: Nakubali kwa shingo upande: ukirudi nyuma, pua pana iliyopinda ndiyo itatangulia, na haitachimba. Ila lifti ya kule inakukokota ukiwa unaangalia mbele, yaani juu utapanda na mkia ulionyooka. Umewahi kuteleza hata siku moja?

Kaka wa Tabata: Kwenye video.

Mjumbe wa Nyumba Kumi: Nafuta neno chai. Hii ni pilau.

Kaka wa Tabata: Kwa hiyo ya kulia ageuze pia au aiache? Jumamosi anamalizia na kianzio nimeshampa.