Taa ya ABS haizimiki, Corolla NZE121

Mwenye gari: Wakuu, Corolla ya 2002. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukipiga breki) inawaka nikifika kama kilomita 20 kwa saa, haizimiki mpaka nizime gari. Breki zinashika. Kimashine cha kusoma kodi (namba za hitilafu) hakioni kitu. Nianzie wapi?

Spana14: Vimashine vya bei rahisi husoma injini tu, mkuu. Kwenye soketi ya chini ya dashibodi, unganisha tundu namba 4 na 13 kwa waya, kisha fungua swichi bila kupiga stata. Taa ikipepesa mara 3, ikatulia, halafu mara 1, hiyo ni kodi 31: sensa ya kasi ya gurudumu la mbele kulia. 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Usiguse namba 16, ina umeme wa betri muda wote.

Fundi umeme: Usikimbilie kununua sensa! Taa kuwaka gari likishatembea mara nyingi ni ishara dhaifu kutoka kwenye sensa. Chomoa soketi ya sensa ya mbele, pima ohm (ukinzani wa umeme), linganisha na ya upande wa pili huku ukitikisa waya pale unapopinda karibu na shokapu. Zikilingana, tazama kutu inayoinua sensa mbali na meno inayoyasoma, meno yaliyovunjika kwenye draiveshafti (mhimili unaozungusha gurudumu), au beringi yenye mchezo.

Spana14: Kufuta kodi: waya uleule, swichi wazi, kanyaga breki mara 8 ndani ya sekunde 5. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pia, usiendeshe. Angalia mafuta ya breki kwanza.